Mlio wa Silinda ya Tatu

"Aliyekaza nati hasikii inapogonga." Methali hii mmeisikia leo kikaoni, wanangu, mkacheka, mkadhani ni maneno ya gereji. Yalitoka kwenye nyumba ya msiba, na yalitoka hivi.

Katika kijiji kimoja cha wafinyanzi kando ya Ziwa Nyasa aliishi Asajile, mwenye lori kuukuu lililokwisha kupita mikononi mwa watu wanne kabla yake. Mdogo wake, Andongolile, ndiye aliyeliendesha. Kila juma lilipandisha vyungu vya mama yao na vya wanawake wenzake hadi soko la juu mlimani, na bila lori hilo vyungu vililala uani.

Mwaka huo injini ilianza kuchoka. Fundi wa mjini alisema metali za ndani, vile vikombe vyembamba vinavyokaa kati ya vyuma vinavyozunguka, zimelika, sharti ifunguliwe kwa chini zibadilishwe. Asajile alikuwa amewatazama mafundi miaka mingi. "Kufungua na kufunga kunanishinda nini?" alisema. Siku tatu alilala chali chini ya lori, oili ikimdondokea usoni, mpaka akakaza nati ya mwisho kwa nguvu zake zote. Alipotoka huko alikuwa na furaha kuliko siku ya harusi yake.

Injini ikawaka. Wanawake wakapiga vigelegele. Andongolile, aliyekuwa kwenye usukani, hakucheka.

"Kaka, kuna kitu kinagonga."

"Ni njaa yako inagonga."

"Sifanyi mzaha, kaka."

Alishuka, akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake kwenye injini na mpini sikioni. Kisha akalegeza mabomba ya dizeli moja moja, ili kila silinda ipumzike kwa zamu yake. La kwanza, mlio ulikuwa uleule: ko, ko, ko. La pili, uleule. Alipolegeza la tatu, ukafifia.

"Ni hapa. Silinda ya tatu, kule chini ulikofungua."

"Hizo ni valvu tu, zikipata moto zitanyamaza," alisema Asajile. "Na wewe umekuwa fundi tangu lini? Mlango wa choo tu umekushinda kufunga!"

Watu wakaangua kicheko. Andongolile naye akacheka kidogo, maana kaka ni kaka.

Asajile akamimina oili nzito, ile ya matrekta, na kweli mlio ukapungua. "Mnaona?" akasema.

Mama yao, Bi Tupokigwe, alikuwa akipanga vyungu na kuvizungushia nyasi kavu. Aliacha kazi, akaja, maana naye mlio aliusikia.

"Mwanangu, chungu kikitoka motoni, aliyekifinyanga hakigongi. Humpa mwenzake akigonge na kusikiliza kama kina ufa. Mimi changu hata kiwe kimepasuka, masikioni mwangu kinalia kizima. Nimekihangaikia mno."

"Mama, chungu ni udongo. Hiki ni chuma."

"Basi sikiliza tena. Kwa ajili yangu."

Asajile akainama, akafumba macho, akasikiliza kwa moyo wake wote. Hakusikia kitu. Wala hakuwa akimdanganya mama yake, na hilo ndilo lililokuja kumtesa zaidi.

Wakapakia, ndugu wawili wakaondoka. Nusu ya mlima oili ilipata moto, ikawa nyepesi, na mlio ukarudi. Andongolile akamtazama kaka yake. "Tusimame?"

"Twende. Tumebakiza kona mbili."

Katika kona ya kwanza kitu kikapasuka chini ya miguu yao kwa kishindo, injini ikakwama. Lori likasimama kidogo, kisha likaanza kurudi nyuma na mzigo wake. Andongolile akakanyaga breki, lakini bila injini zilikuwa ngumu kama jabali.

"Kaka, ruka! Weka jiwe!"

Asajile akaruka, akaviringisha jiwe kubwa hadi nyuma ya tairi. Tairi likapanda juu ya jiwe, likalivuka. Aliona mikono ya mdogo wake ikihangaika na usukani. Kisha lori likatumbukia bondeni, na kwa muda mrefu kilichosikika ni vyungu vikivunjika.

Andongolile walimtoa jioni. Hakuwa na pumzi.

Baada ya mazishi, fundi wa mjini alifungua mabaki ya injini. Katika silinda ya tatu, nati moja ya konrodi, ule mkono wa chuma unaosukumwa na pistoni, ilikuwa imelegea ikatoka. Akaileta kwenye matanga, akaiweka juu ya mkeka.

"Nani aliikaza hii?"

Asajile aliitazama. "Mimi."

"Na mlio ule hukuusikia? Watu wote wanasema waliusikia."

Mama yake aliinamisha uso. Hakumlaumu, wala hakumwokoa.

"Mdogo wangu alisikia," Asajile alisema taratibu. "Mama alisikia. Mimi nilisikiliza, fundi, Mungu ananiona, nilisikiliza. Lakini aliyekaza nati hasikii inapogonga."

Watu waliokuwa pale walirudi makwao na maneno hayo, na hata leo mtu akishikilia kwamba kazi ya mikono yake haina dosari, huambiwa hivyo, kwa upole. Kwa hiyo, wanangu, mkishamaliza kujenga, kuandika au kuamua jambo, mwiteni mwingine asikilize. Na akisema kuna kitu kinagonga, msimcheke.

Aliyekaza nati hasikii inapogonga.