Mwenyeji wa Bombambili

Kuku aliyenunuliwa hivi karibuni haachiwi kutangatanga. Hufungwa kamba mguuni mpaka auzoee ua, na kila apitaye njiani humtazama mara moja tu akajua kwamba huyu si wa hapa. Ndivyo alivyo binadamu ugenini. Hata ajifiche vipi, alama ya ugeni wake itaonekana. Pamela aliijua methali ya kuku mgeni tangu shuleni, ila alidhani ni ya kuku na ya watu wengine.

Pamela alikuwa mama kijana kutoka Nakuru, nchini Kenya. Alipomaliza mtihani wa masomo yake ya jioni, alijitunuku safari aliyoiota kwa muda mrefu, ya kwenda Mbamba Bay kuliona Ziwa Nyasa. Njiani alitua Songea, mji ambao ndio mlango wa kwenda huko, apumzike kidogo na mwanawe Ramson, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Mji ulimpokea kwa hewa baridi, na milima ya Matogoro ilikuwa imejifunga ukungu kiunoni kama mwanamke anayejiandaa kucheza ngoma. Lakini Pamela hakuufaidi uzuri huo. Masikio yake yalikuwa yamejaa maneno ya dada yake, Hilda.

“Usijulikane kuwa mgeni,” Hilda alikuwa amemwonya kwenye simu. “Wakikujua tu, mtoto huna! Watu wa huko watakuchekea, kumbe jicho liko kwa mtoto.”

Basi asubuhi ile Pamela alijifunga kitenge kama alivyoona wanawake wa pale wakijifunga, akambeba Ramson mgongoni kwa kanga. Ili asiupoteze ufunguo wa chumba alichopanga, aliufunga kwa kamba yake kwenye pindo la kanga hiyo. Kisha akatoka, akitembea kama mtu aliyezaliwa mtaa wa pili.

Sokoni alisimama mbele ya meza ya mama mmoja mnene mwenye sauti ya kengele, aliyeuza ndizi na dagaa wa Nyasa. Wenzake walimwita Mama Asumpta.

“Nipatie hizi ndizi. Ni pesa ngapi?” Pamela aliuliza.

“Hata shikamoo, mwanangu? Au umeisahau nyumbani?” Mama Asumpta alimtazama juu hadi chini. “Umetokea wapi?”

“Mimi? Mimi ni wa hapa hapa. Mtaa wa Bombambili.”

“Bombambili sehemu gani?”

“Ile ya... karibu na kanisa.”

“Makanisa yote yale!” Mama Asumpta alichungulia mgongoni kwa Pamela, kisha akamkonyeza Kajetani, dereva wa bodaboda aliyekuwa amesimama pembeni akimenya ndizi. “Kajetani, si wewe unakaa Bombambili? Mbona hujatuambia una jirani mzuri hivi?”

Kajetani naye alichungulia mgongoni. “Ndiyo namwona leo, mama. Labda huwa anatoka usiku.”

Wauzaji wakaangua kicheko. Pamela akaikaza kanga kifuani. Kwa nini wote walikuwa wakimtazama mtoto?

“Hebu nipe mjukuu wangu nimpakate, upumzishe mgongo,” Mama Asumpta alisema akinyoosha mikono.

Pamela aliruka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. Akaziacha ndizi mezani, akaondoka mbio mbio.

“Haya, mwenyeji wetu!” sauti ya kengele ilimfuata. “Uwahi Bombambili, mvua hiyo inakuja!”

Tangu hapo kila jicho likawa mkuki. Muuza mitumba aliutazama mgongo wake akatabasamu. Wasichana wawili waligeuka wakanong'onezana. Kisha bodaboda ya Kajetani ikapita taratibu, ikarudi, ikasimama kando yake.

“Dada, nikurudishe? Wingu hilo si la mchezo.”

“Niache!” Pamela alisema, akakata kona ya kwanza aliyoiona.

Njia ile ilimpeleka hadi Mshangano, pembezoni mwa mji, kwenye nyumba zilizotawanyika na mashamba ya mahindi. Wanawake waliokuwa wakipukuchua mahindi walimwita, “Karibu, mama!” Hakujibu. Mzee mmoja alimvulia kofia, naye akampita kama anayepita kisiki. Mama mwenye siri huogopa hata salamu. Alizidi kukata vichochoro mpaka mahindi yakamzunguka pande zote, na papo hapo mvua ikashuka. Simu ilikuwa imezima. Ramson alianza kulia, kile kilio cha njaa ambacho humkata mama maini.

Alijisitiri ndani ya pagala, nyumba ambayo mwenyewe alikuwa hajaimaliza. Alikuwa akimfunika mwanawe aliposikia mngurumo wa pikipiki. Alipochungulia, alirudi nyuma ghafla. Alikuwa Kajetani, na nyuma yake amepakia Mama Asumpta! Pamela aliokota kipande cha tofali.

“Msinisogelee! Mtoto simtoi!”

“Nani kakuomba umtoe?” Mama Asumpta alishuka, mwavuli mkono mmoja, ndizi mkono mwingine. “Tupa tofali hilo, utajiponda mguu.”

“Mmejuaje niko huku?”

“Kila nyumba tuliyouliza ilituambia, ‘Kapita mmoja na mtoto, hakumsalimu mtu.’ Mwanangu, hapa kwetu mtu asiyesalimu huacha nyayo kubwa kuliko za tembo.”

“Na nani kawaambia mimi si wa hapa?”

Kajetani alicheka hadi akashika usukani asianguke. “Dada, hebu vuta kanga yako mbele.”

Pamela aliivuta. Fundo lilikuwa limeteleza hadi mgongoni, na ufunguo ulining'inia hapo pamoja na kibao chake chekundu kikubwa kama kiganja, chenye maandishi meupe: NYUMBA YA WAGENI YA MAMA FAUSTA, CHUMBA NA. 4.

“Mdomo unatuambia Bombambili, mgongo unatuambia chumba namba nne!” Mama Asumpta alisema. “Nilipoona mvua imekaribia nikampigia Fausta, akasema hujarudi. Nikamwambia Kajetani, twende, mtoto yule ataloa.”

“Kwa hiyo... mlikuwa mkitazama ufunguo?”

“Na mtoto pia. Hivi huoni alivyo mzuri? Ila ana njaa, anatafuna kamba.”

Tofali lilimponyoka Pamela. Alifungua kanga polepole, machozi na kicheko vikigombania uso wake, akamtoa mwanawe mgongoni na kumweka mikononi mwa yule mama.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Sasa ndiyo umefika Songea.”

Asubuhi iliyofuata Pamela alirudi sokoni, kibao chekundu kikining'inia mbele kifuani kama nishani, akimsalimu kila aliyekutana naye. Simu iliita. Alikuwa Hilda.

“Vipi, hawajakujua?”

Pamela alimtazama Ramson, aliyekuwa amekaa juu ya meza ya Mama Asumpta, ndizi imempaka hadi masikioni.

“Wamenijua wote, dada,” alijibu. “Ndiyo maana mtoto ninaye.”

Siku hiyo alielewa kwamba kamba ile haifungwi ili kuku aaibike, bali ili asipotee. Ama kweli, kuku mgeni hakosi kamba mguuni.