Mhunzi Msabila na Pongo Wake wa Kwanza

Haya. Kisa kinakuja. Semeni, na kifike.

— Na kifike.

Kimetoka mbali, kina vumbi miguuni. Semeni, kikae.

— Kikae.

Sawa. Mikono isisimame, karanga hizo hazijimenyi zenyewe. Nilitaka kuwapa kisa cha sungura, mkakataa, mkasema nyinyi mmekua, mnataka cha uwindaji. Basi ndicho hiki, na atakayelia asije kunifutia machozi kwenye kanga yangu.

Zamani hizo, bibi yangu hajaota meno, huku kwetu kote kulikuwa miombo mitupu. Mtu akipiga chafya upande huu wa bonde, pongo wa upande wa pili wanainua vichwa. Nyama ilikuwepo. Lakini kuwinda hakukuwa kazi ya kila mtu, msije mkadhani. Wawindaji walikuwa na chama chao. Ukitaka kujua, unapeleka jogoo, unakula kiapo, unafundishwa porini miaka miwili. Usipokula kiapo, hata ukiuliza upepo unavuma kutoka wapi, hujibiwi. Wanakutazama tu, wanacheka.

Ikaja ndui. Ikawakuta wawindaji wako kambini, wote kumi na mmoja, wanakula chungu kimoja. Ikawamaliza. Hakurudi hata mmoja. Halafu, kana kwamba hiyo haitoshi, mvua ikagoma mwaka mzima.

Sasa palikuwa na mhunzi, jina lake Msabila. Yeye ndiye aliyewafulia wawindaji vichwa vya mishale, lakini kuwinda hakujua, hata panya hajawahi kumpiga. Mkewe alikufa kwa ndui ileile. Akabaki na binti mmoja, Kalunde, wa umri wako wewe Pili, usiangalie pembeni. Kalunde alipona ndui, ila alipona mifupa mitupu. Ukimpa uji wa mizizi, anatapika. Ukimpa majani, anatapika. Kitu kilichokaa tumboni mwake ni mchuzi wa nyama peke yake. Alipochinjwa mbuzi wa mwisho, mtoto alikunywa mchuzi siku tano, akaanza kusimama, akafika mpaka mlangoni. Mchuzi ulipokwisha, akarudi kulala.

Msabila akamwambia jirani yake, mama mmoja mzee aitwaye Nyanzala, mjane wa mkuu wa wawindaji: "Mama, nikalie na mtoto. Naenda kumtafutia nyama."

"Nani amekufundisha?" akauliza Nyanzala.

"Atanifundisha nani, na wote wamekufa? Nitajifundisha."

Nyanzala akachukua kigoda chake. Akaingia ndani, akakaa na mtoto.

Msabila akaenda. Siku ya kwanza akawaona pongo kwenye vichaka vya mtoni. Hajatoa hata mshale, wamekwisha kimbia. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu vilevile. Anarudi jioni mikono mitupu, na Kalunde anamuuliza: "Baba, umeleta?"

"Kesho, mwanangu."

Siku ya nne akakaa kwenye jiwe akajinusa kwapani. Ananuka moshi wa makaa. Miaka ishirini ya kiwandani imemwingia mpaka kwenye ngozi, mnyama anamsikia kabla hajavuka bonde. Ndipo akafanya jambo ambalo mhunzi halifanyi. Moto wa kiwanda chake aliuwasha babu yake, haukuwahi kuzimwa, ukilala unafunikwa majivu. Msabila akaumwagia maji. Akajisugua matope na mavi ya pongo, akatupa nguo zake, akavaa ngozi ya marehemu mbuzi. Nyie mnacheka. Yeye hakucheka. Alilia wakati anamwaga yale maji, kwa sababu alijua babu yake angemlaani.

Akaenda. Safari hii wanyama hawakukimbia. Pongo dume alisimama karibu kabisa, kama kutoka hapa hadi kwenye kinu kile. Msabila akavuta upinde, akaachia. Mshale ukaenda nusu ya njia, ukainama, ukachoma udongo.

Akajaribu tena, siku nyingine, mnyama mwingine. Ukachoma udongo.

Akauokota ule mshale, akaupima mkononi, akaelewa. Kichwa kilikuwa kizito. Wawindaji walikuwa wakija kila mwaka kumlalamikia: "Msabila, vichwa vyako vinaangusha mishale, vipunguze." Naye anawajibu: "Mikono yenu ndiyo milegevu." Chuma kingi kilikuwa fahari yake. Hakuna aliyempinga, kwa sababu mhunzi alikuwa mmoja tu. Sasa akakaa chini na jiwe, akasaga kichwa kimoja siku mbili nzima, maana moto wa kukifua upya ameshauzima, na akiuwasha tena atanuka moshi. Siku mbili, wanangu, na mtoto amelala na njaa.

Aliporudi mikono mitupu, Kalunde hakuuliza kwa sauti. Aliinua macho tu, akamtazama mikononi.

"Kesho, mwanangu," akasema Msabila.

Nyanzala akamwambia, "Hiyo kesho yako ifanye haraka, baba. Leo hata maji ameyakataa."

Asubuhi akaenda. Msinijie na vishindo hapa, kaeni, maana hapa ndipo penyewe. Akaenda, akawakuta pongo wawili wanakula chini ya mti wa mtalawanda. Upepo unamjia usoni. Akavuta, akaachia. Mshale ukaenda sawasawa, ukamwingia dume nyuma ya bega, ukazama mpaka manyoya ya mshale.

Msabila hakuamini. Alipiga kelele ya furaha, akaruka, akamfukuza.

Mtu gani asingemfukuza? Mimi ningemfukuza. Wewe ungemfukuza. Pongo akaruka kichaka, Msabila nyuma. Akavuka korongo, Msabila nyuma. Kila alipotaka kulala, akasikia miguu, akainuka. Damu tone, damu tone, jua likapanda, likashuka. Wakapita mashamba ya watu, wakapita kilima kisicho na jina. Giza lilipoingia Msabila akajilaza palepale juu ya damu, ili asipoteze njia. Kulipokucha akafuata tena, na adhuhuri akamkuta pongo amekufa kwenye majani makavu, fisi wamekula tumbo lote na paja moja.

Akakata kilichobaki, paja na mbavu, akajitwika kichwani, akashika njia ya nyumbani. Siku nzima na nusu. Alikuwa akizungumza njiani peke yake, anapanga: mbavu kwanza, zichemke mpaka ziachie, mafuta yaenguliwe asije akatapika.

Alipofika akaona watu wamekaa uani, na moto wa nyumba yake haukuwaka. Mnajua nini maana ya nyumba kutowashwa moto. Nyanzala akamjia, akampokea mzigo kichwani, akauweka chini.

"Tumemzika asubuhi," akasema. "Tulikungoja jana kutwa nzima, mwanangu."

Msabila akakaa. Hakulia mara moja. Akaanza kusimulia, kama mtu anayejitetea barazani: nilimpiga vizuri, nilimpiga nyuma ya bega, nikamfukuza, akakimbia, nikamfukuza.

Nyanzala akamtazama. "Ulimfukuza? Hukukaa?"

"Kukaa wapi, mama?"

"Kukaa chini. Marehemu mume wangu akimpiga mnyama alikuwa anakaa, anavuta kiko chake mpaka kinaisha, ndipo anaanza kufuata. Asipofukuzwa, mnyama haendi mbali, analala kichaka cha pili anakufia hapo. Na sisi wake zao tuliambiwa siku ya kuwinda tusitembee-tembee, tukae kigodani, ili na mnyama naye akae. Miaka thelathini nimekaa kigodani."

"Ulijua."

"Kila mke wa mwindaji alijua."

"Na hukuniambia. Ulikaa na mwanangu, ukaniona natoka kila asubuhi, hukuniambia."

Yule mama akaanza kulia yeye. "Ulisema wote wanaojua wamekufa. Na mimi nimesimama mbele yako. Nikajiona si mtu wa kuulizwa. Halafu kulikuwa na kiapo cha wawindaji, nikakiogopa, nikasema wacha, mwanaume atajua mwenyewe."

Hapo ndipo Msabila alipolia.

Ile nyama ikapikwa na majirani, maana matanga yana watu na watu wana njaa. Wakala. Watoto wa kijiji wakanywa mchuzi, na wengine wakapona kwa mchuzi huo, hilo nalo niliseme, ni kweli. Msabila hakuugusa. Baadaye aliwinda miaka mingi, akawafundisha wote waliotaka, wanaume na wanawake, bila jogoo na bila kiapo. Lakini watu wanasema kila alipompiga mnyama akakaa chini kungoja, alikuwa anatetemeka mwili mzima, na hakuna aliyeweza kumsemesha mpaka ainuke.

Sasa mafunzo, msiondoke. Usijifanye kiziwi kwa kuwa anayejua amevaa kanga. Na wewe unayejua, sema, hata kama hujaulizwa, hata kama utachekwa, hata kama ulikula kiapo. Kiapo hakijawahi kumlisha mtoto. Nyanzala aliishi muda mrefu baada ya hapo, na nawaambia hakulala vizuri hata siku moja. Najua, kwa sababu bibi yangu ndiye aliyemuuguza.

Kisa kimefika, nimekitua chini. Mwenye nguvu akitwike akaendelee nacho, mwenye usingizi akiache hapahapa. Mimi nimechoka. Nileteeni hizo karanga nione mmemenya ngapi.