Karani na Barua ya Uhamisho

Hospitali moja ya wilaya, wapendwa, ilikuwa na karani wa masjala. Mama wa makamo, mchapakazi, hajui kuchelewa. Kazi yake kubwa ilikuwa kutunza kwenye kompyuta orodha ya wachangia damu: nani ana kundi gani, anakaa wapi, namba yake ya simu ni ipi. Siku ya shida daktari humpigia karani, karani hutazama orodha, na kabla chai haijapoa mtu yuko mlangoni anakunja mkono wa shati.

Nyumbani mama huyu alikuwa na mzigo wake. Mama yake mzazi alikuwa kitandani mwaka wa tatu, kiharusi kimemlaza upande mmoja, hamezi uji ila kwa mkono wa binti yake. Kwa hiyo karani aliogopa jambo moja kuliko yote: kuhamishwa kituo cha kazi.

Jumanne moja asubuhi akafungua barua pepe za ofisi. Akakuta moja imeandikwa juu kwa herufi kubwa: ORODHA YA WATUMISHI WANAOHAMISHWA. Jina la mtumaji lilikuwa la Mganga Mkuu wa Wilaya. Ndani kulikuwa na mistari miwili tu: "Mtumishi mpendwa, fungua kiambatisho uone kituo chako kipya. Usipopinga kabla ya saa sita mchana, utahesabiwa umekubali."

Akaisoma mara mbili.

Sasa nisikilizeni. Fundi wa kompyuta wa pale hospitalini alikwisha kuwafundisha, tena si mara moja: ukipata barua usiyoitarajia, usiangalie jina peke yake, tazama anwani ilikotoka. Ikikuharakisha, ikikutisha, inua simu umuulize mwenyewe. Na karani aliiona ile anwani. Aliiona! Msururu wa herufi na tarakimu, haufanani na anwani ya ofisi hata kidogo. Tena alijua Mganga Mkuu hajawahi kumwita "mtumishi mpendwa". Humwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, Mama Fulani, kama watu wote. Simu ilikuwa pale pale mezani. Lakini yeye alikuwa akimwona mama yake amelala, kikombe cha uji kinapoa, hakuna wa kumnywesha.

Akabofya. Kompyuta ikamuuliza kama analiruhusu faili lile lifanye kazi. Akaruhusu. Ikafunguka karatasi nyeupe, tupu, haina jina la mtu hata mmoja.

Mnaijua ile hali, mtu amekwisha kujua lakini hataki kujua? Akaifunga ile karatasi, akaifuta ile barua, akaendelea na kazi.

Saa nane fundi akachungulia mlangoni.

"Dada, kuna barua za uongo zinazunguka leo, zinajifanya za Mganga Mkuu. Hapa kwenu hakuna aliyefungua?"

Karani hakuinua uso. "Hapana."

"Una uhakika? Hakuna wa kufukuzwa kazi kwa hilo. Nataka nijue tu."

"Nimesema hapana, kaka. Nina kazi."

Fundi akaenda zake.

Jumatano ikapita salama, na karani akaanza kupumua. Hata akamshukuru Mungu, jamani, kwamba limepita. Alhamisi asubuhi kompyuta zote za hospitali zikawaka wekundu: faili zimefungwa, anayetaka kufunguliwa alipe. Orodha ya wachangia damu, imefungwa. Nakala iliyokuwa kwenye mashine ya stoo, nayo imefungwa, maana kirusi kilikuwa kimepata siku mbili za kutembea kwenye waya, chumba kwa chumba, bila wa kukisumbua.

Ijumaa mchana akaletwa mwanamke aliyejifungulia nyumbani, damu haikatiki. Kundi lake lilikuwa adimu, na jokofu la hospitali halikuwa na chupa hata moja ya kundi hilo.

"Mama, nipe majina!" daktari alisema kwenye simu. "Hata moja!"

Karani alifinya macho akijaribu kukumbuka. Akamkumbuka mtu mmoja. Kumpigia, yuko safarini mkoa mwingine. Likatumwa gari hospitali ya mkoa kufuata damu. Lilirudi saa kumi na moja jioni. Mwanamke alikuwa amefariki saa tisa. Mtoto alikuwa hai, amefungwa kwenye khanga ya bibi yake.

Jumatatu yake mwanamume mmoja, dereva wa lori la mchanga, akasimama kwenye dirisha la masjala. Jana yake alikuwa kwenye mazishi ya yule mwanamke, akasikia ni damu ya kundi gani iliyokosekana.

"Mama, mimi mmeniandika hapa. Damu yangu ni ya kundi hilo hilo. Ijumaa nilishinda nyumbani, nyuma ya ukuta huu wa hospitali, simu iko mkononi. Mbona hamkunipigia?"

Karani akainuka, akaliacha dirisha wazi. Akaenda moja kwa moja kwa fundi, akamweleza yote huku akilia. Fundi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema polepole, "Dada, Jumanne saa nane kirusi kilikuwa bado kwenye mashine yako peke yake. Ningechomoa waya mmoja tu."

Nawaona mnatikisa vichwa. Mnasema, angetazama anwani, angepiga simu. Kweli, na ninyi mtazame na mpige. Lakini wapendwa, alipobofya, yule mwanamke alikuwa bado na nafasi ya kuishi. Nafasi ile alinyimwa saa nane mchana, kwa neno moja, na mtu ambaye hakuwa mkatili. Alikuwa na aibu tu.

Nani kati yetu hajawahi kubofya? Woga umetusukuma, tumefungua tusichopaswa kufungua, kisha tumefuta kwenye kioo tukadhani kimefutika. Na Mungu ametuletea mtu mlangoni. Mke, rafiki, mzee wa kanisa. Ametuuliza kwa upole kabisa, "Kuna nini?" Nasi tumemjibu "hakuna", tena kwa ukali, ili asiulize tena. Akaenda zake. Jambo lenyewe halikwenda. Liko ndani ya nyumba zetu sasa hivi, linahama chumba kwa chumba, na watakaoumia hata hawatujui majina.

Mtu wako huyo aliyekuuliza, unamjua. Usingoje Alhamisi. Ibada ikiisha mfuate, umwambie ulimdanganya.