Mkono wa Ambakisye

Tak.

Mlio umetoka ndani ya ukungu, huko kwenye shimo la mwisho, na bado hatumwoni aliyepiga mpira. Tumesikia tu mzee akicheka peke yake, kisha sauti yake: "Mkono uliofunzwa kukosa haupati siku ya haja." Nawe Subilaga umeniuliza msemo huo ulitoka wapi. Basi wekeni fimbo chini wote, ukungu haujaondoka. Methali hii ilianza hivi.

Miaka hiyo, katika kiwanja hiki hiki cha gofu cha Lwangule, wanawake walicheza mchana tu, jua likiwa kali. Jumamosi asubuhi, nyasi zikiwa na umande na upepo haujaamka, ilikuwa ya wanaume. Sababu waliyoitoa ni moja: wanawake wanachelewesha watu.

Bi Atuganile, mkunga wa zahanati, akachoka nayo. Alisimama mkutanoni akamwambia nahodha wetu, Ambakisye, rafiki wa marehemu mumewe, "Shemeji, tucheze mimi na wewe siku ya Pasaka. Nikishinda, Jumamosi asubuhi tunatangulia sisi. Nikishindwa, hutatusikia tena."

Ambakisye akakubali mbele ya wote, huku akitabasamu.

Sasa, gofu ina haki yake. Ukishindana mbio na mtoto, si unamwacha atangulie kidogo? Ndivyo na hapa. Mchezaji dhaifu hupewa nafuu: mapigo kadhaa huondolewa kwenye jumla yake, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Nafuu hupimwa kwa michezo ya siku za kawaida. Ukicheza vibaya inaongezeka, ukicheza vizuri inapungua. Ni mizani njema, mradi anayepimwa awe mkweli.

Ambakisye hakuwa dhaifu. Lakini masika yote yale tulimwona akikosa mipira ambayo hata kuku angeisukuma ikaingia. Mpira uko karibu na shimo kama kikombe na birika, yeye anaupitisha pembeni, anatikisa kichwa, anasema, "Uzee, ndugu zangu." Nafuu yake ikanenepa kama nguruwe wa Krismasi. Wanaume walijua, wakacheka, wakamnunulia chai.

Bi Atuganile naye alizidi kuwa hodari kila wiki, na nafuu yake ikazidi kukonda. Wenzake wakamsihi.

"Dada, nawe kosa hata kidogo. Yule anatuibia mchana kweupe."

"Nikikosa kwa kusudi leo, nani atanifundisha kupata siku ya Pasaka?"

"Basi tumekwisha."

"Mmekwisha ninyi," akasema, akichukua fimbo yake. "Mimi naenda kufanya mazoezi."

Pasaka ikafika. Watu walijaa kuanzia wachuma chai hadi wauguzi. Ambakisye alipiga mipira mirefu, iliyonyooka. Siku hiyo uzee aliuacha nyumbani. Bi Atuganile hakutetereka. Alipiga, akatembea, akapiga, kama mtu anayelima shamba lake mwenyewe. Kwenye shimo la mwisho Bi Atuganile akatangulia kumaliza. Tukahesabu, tukaondoa nafuu ya kila mmoja, tukaona kwamba Ambakisye amebakiwa na pigo moja tu. Mpira wake ulikuwa pale pale, kikombe na birika. Akiuingiza, ameshinda.

Mimi ndiye niliyeng'oa bendera ya shimo ili apige. Nyuma yangu wanaume walikwishaanza kupongezana.

Akainama. Mkono ukaenda wenyewe, kwa njia ile ile uliyoizoea masika yote, na mpira ukapita pembeni.

Akauendea. Sasa akiuingiza, wangetoka sare. Niliona jasho likimtiririka. Akapiga. Mpira ukagusa ukingo wa shimo, ukageuka, ukalala juu ya nyasi.

Vigelegele vilisikika hadi ng'ambo ya mashamba. Wanawake wakamwinua Bi Atuganile mabegani, na wachuma chai wakatupa vikapu vyao juu, kwa maana aliyeshinda alishinda kwa mkono safi, na kila mmoja alijua.

Ambakisye alibaki akiutazama mkono wake kana kwamba ameuazima kwa jirani. Yule mnayemsikia ukunguni ndiye yeye. Mpaka leo anaufundisha upya. Lakini siku ile hakukimbia, na kwa hilo namheshimu. Alivua kofia, akapita katikati ya wanawake wale wote, akasimama mbele ya mshindi wake.

"Shemeji," akasema, "mkono uliofunzwa kukosa haupati siku ya haja. Jumamosi ni yenu."

Bi Atuganile, akiwa bado mabegani mwa wenzake, akamjibu kwa sauti iliyofika hadi barabarani:

"Basi njoo, shemeji, ucheze nyuma yetu. Nakuahidi mbele ya watu hawa wote: hatutakuchelewesha."