Folda Iliyonyimwa Tiki

Wapendwa, nisikilizeni kidogo, na mwenye simu mkononi aiweke mfukoni. Katika usharika mmoja, si huu wetu, msije mkaanza kuangaliana, palikuwa na katibu, mama mwenye bidii sana. Kompyuta ya ofisi ilikuwa imezeeka, inazimika ovyo, basi akaitwa fundi aweke nakala za kazi kwenye diski ya pembeni. Diski yenyewe ndogo. Fundi akamwambia achague folda za kuhifadhi, azitie tiki.

Mama wa watu akavaa miwani. Ripoti za Jimbo, tiki. Ziara ya Askofu, tiki. Humo mna picha mia nne za askofu akishuka kwenye gari. Mihtasari ya Vikao, tiki. Akafika chini kabisa, kwenye folda inayoitwa Mengineyo. Mnaijua mengineyo? Si ile ajenda ya mwisho, tunayoifikia watu wameshashika miamvuli? Humo alikuwa akitupia kila kitu kisicho na pahali pake. Akaipita, akaenda kunywa chai.

Haukupita mwezi, kompyuta ikafa kabisa. Wiki hiyohiyo akaingia mjane ofisini. Shemeji zake walikuwa wanamtoa kwenye nyumba aliyojenga na marehemu, wakidai hakuwahi kufunga ndoa, na baraza la kuamua shauri hilo linakaa kesho yake asubuhi. Kitabu cha ndoa cha miaka ile kilishaliwa na mchwa, lakini katibu alikumbuka kwamba aliwahi kupiga picha kurasa zake. Akakumbuka na alikoziweka. Angemwambiaje mama yule?

Hakumwambia. Alimpigia fundi, akakiri kwa sauti ya chini kwamba amemponza mtu. Fundi akaja na kompyuta yake, akachomeka ile diski, na folda ikatokea. Ukurasa ukatokea. Jina la mjane, jina la mumewe, sahihi ya mchungaji, vyote vinasomeka. Mjane akalia, na katibu naye akalia kwa furaha, akashusha pumzi.

Alipotulia akasema, "Fundi, hii mimi sikuitia tiki."

"Najua, mama. Niliangalia tarehe. Zile ripoti na picha hukuwa umezifungua tangu mwaka juzi. Hii uliifungua kila mtu alipokuja na shida. Nikatoa picha za askofu, nikaweka hii."

Mnacheka. Haya, na sisi je? Tukipiga magoti tunamkumbusha Mungu nini? Vyeo vyetu, mnara tuliojenga, makongamano tuliyohudhuria. Yeye anaangalia ni mara ngapi tulifungua mlango mtu alipokuja analia. Yule mjane alipona kwa sababu yupo aliyeukagua uchaguzi wa katibu akaurekebisha. Mungu angehifadhi tunayoyachagua sisi tu, leo tungekuwa wapi?

Mzee wetu aliyekuwa akipiga kengele amelala kitandani tangu Pasaka, pale nyuma ya kisima. Kikaoni tumemtaja mara mbili, kwenye mengineyo, na mara zote mbili tulikuwa tumeshasimama. Usiku kucha nimeogopa kwamba tumechelewa. Nimepita kwake asubuhi hii. Yu hai, wapendwa, na anauliza habari zenu kwa majina. Ashukuriwe Mungu, bado tuna nafasi. Tukitoka hapa, tusianzie nyumbani.