Kenge na Mayai Yaliyoelea

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na majiko na vyungu kama sisi, yai halikuwa kitu cha kupigiwa kelele. Ulitoa konzi ya mahindi, ukapewa yai, ukaenda zako.

Akaja Kenge. Kenge yule mwenye mkia wa kuvunjia milango! Aliwafuata kuku bandani, akawaambia, "Kuanzia leo mayai yote ni yangu. Nani anabisha?"

Kuku watabisha nini? Wakayatoa yote. Kenge akayafungia mayai ghalani, na bei ikapanda: konzi ikawa pishi, pishi ikawa gunia.

Basi ikawa vituko majumbani. Kwa Nyani, yai moja lilikaangwa na vitunguu vingi hata watoto wakalitafuta wasilione. Baba Ngiri naye alilikalia la kwake ili alitamie, apate kuku wake mwenyewe. Pwaa! Nyumba nzima ikalia.

Lakini kwa Mama Kindi hakuna aliyecheka. Binti yake Semeni alikuwa ameugua surua, amebaki macho tu. Uji alitapika, mboga alitapika. Kilichokaa tumboni mwake kilikuwa yai laini, basi.

Mama Kindi akaenda kwa Kenge.

"Shikamoo, Mzee Kenge."

"Marahaba. Gunia liko wapi?"

"Nina pishi tu, mzee wangu. Mwanangu hali kitu. Nipe moja, moja tu!"

"Hee! Nikikupa wewe, kesho mji mzima utakuwa na wagonjwa. Rudi siku ya soko, labda nitashusha bei."

Majirani nao wakamwambia, "Ngoja, shoga. Subira yavuta heri." Mama Kindi akangoja. Kila asubuhi Semeni alimuuliza, "Mama, leo soko?"

Siku ya soko ikafika. Lo! Bei imepanda tena!

Safari hii Mama Kindi hakuomba. Alimwacha Semeni na bibi yake, akapita nyumba kwa nyumba. "Nipeni chumvi, jamani, yote mliyo nayo." Wakamkung'utia mpaka ile ya chini ya vyungu. Akaimwaga katika ndoo ya maji, akakoroga, akakoroga, mpaka ikayeyuka yote. Kisha akaibeba ndoo kwa Kenge.

"Mzee Kenge," akanong'ona mlangoni, "watu wanasema mayai yako yote ni viza."

"Nani huyo mwongo?"

"Tuyapime. Maji haya hapa. Yai zima huzama, viza huelea, hata mtoto anajua."

Kenge akatumbukiza moja. Chubwi! Likaibuka. Akatumbukiza jingine. Chubwi! Likaibuka. Kila alilotia liliibuka likaelea.

Wapishi wanajua kwamba maji yakijaa chumvi huinua hata yai lililotagwa asubuhi. Lakini Kenge hakuwahi kusonga hata ugali, angejulia wapi?

"Yalaa! Nimekwisha! Soko likijua, watanipiga mawe!"

"Nitakusitiri, mzee. Fungua ghala, tukayafukie mbali."

"Chukueni! Upesi, kabla hayajanuka!"

Mama Kindi akawaita majirani, wakayabeba kwa vikapu, kwa nyungo, kwa khanga. Jioni ile kila jiko lilifuka moshi. Mama Kindi alikimbia mbele ya wote, yai kiganjani, akalichemsha kidogo tu.

"Semeni, mama, amka. Yai lako hili."

Bibi alikuwa amekaa kitandani. Alikuwa amemfunika mtoto khanga mpaka usoni.

"Aliniuliza kama leo ni soko," bibi akasema. "Nikamwambia ndiyo, mama yako yuko njiani. Akangoja, mwanangu. Alikungoja sana."

Mama Kindi hakulila yai lile. Alimwita mtoto wa Nyani aliyekuwa amesimama mlangoni, akampa. Akakaa chini akimtazama akila, machozi yakimtiririka. Huko nje watu walikuwa wakimcheka Kenge, na walikuwa na haki ya kumcheka, lakini mimi hadithi hii sijawahi kuimaliza nikicheka.

Nilipoikuta ndipo ninapoiacha, wanangu, na neno lake ni hili: akili hufungua ghala la mchoyo, lakini haimrudishi aliyekufa akingoja.