Mtoto Aliyeitwa Kijani

Mwanamke mmoja alikuwa na binti mmoja tu. Jina lake mwanamke huyo Sikudhani, na kabla ya binti huyo alikuwa amezika watoto watatu. Alimzaa asubuhi ile mtama ulipochomoza shambani, baada ya miaka miwili bila tone la mvua, akamwita Kijani. Hakuna aliyeuliza maana yake. Kila mwenye macho aliiona shambani.

Jina likapendwa. Waliojifungua mwaka ule na miaka iliyofuata waliwapa watoto wao jina hilo hilo, wengine hata wa kiume, mpaka ukiita "Kijani!" kisimani vinageuka vichwa tisa. Sikudhani alikuwa akicheka na kushukuru.

Mwaka wa saba ikaja habari kwamba nzige wamelimaliza bonde la jirani. Penye wengi pana mengi. Mmoja akanena kwamba nzige hufuata kijani, na sisi huku tunawaita kutwa kucha. Hakuna aliyecheka. Kesho yake khanga za kijani zilifukiwa, na watoto wakapewa majina mapya: huyu Vumbi, yule Majivu. Sikudhani alijua ni upuuzi. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yeye alikwisha kuumwa mara tatu. Aliwaogopa nzige, akawaogopa majirani zaidi, maana wa kwanza kuitwa hivyo alikuwa wake, na njaa ikija wangejua pa kunyooshea kidole. Akamshika binti mabega, akamwambia, "Kuanzia leo wewe ni Majivu. Mtu akikuita kwa jina lile, hata nikiwa mimi nimejisahau, usiitike."

Nzige walikuja adhuhuri, jua likafifia. Kama ilivyo desturi, wote waliingia mashambani, wakubwa kwa wadogo, wakapiga madebe na kuchoma nyasi ili moshi uwafukuze. Upepo ukageuka. Moto ukaruka mtaro, ukashika mtama, na moshi ukawa mzito hata mtu haoni mkono wake mwenyewe. Sikudhani akapapasa ubavuni pake. Binti hayupo.

Lile jina jipya halikumjia hata mdomoni. Aliita Kijani, akaita tena, akaita mpaka sauti ikamkauka, na moto unatatarika karibu, na hakuna anayeitika. Aliwaona wale watatu makaburini mwao, akaona na la nne linachimbwa.

Mwishowe akajikwaa kwa binti yake. Mtoto alikuwa amejikunyata nyuma ya kichuguu, hatua tano tu kutoka pale aliposimama mama, miguu imeungua, viganja vyote viwili vimeuziba mdomo.

"Nilikusikia, mama," alisema. "Si ulisema nisiitike?"

Nzige hawakuchagua. Walikula mashamba ya akina Vumbi na ya akina Majivu, hawakubakiza hata bua. Miguu ya mtoto ilipona. Ila mpaka leo ukimwita, kwa jina lolote lile, hutazama kwanza uso wa mama yake, ndipo aitike, na Sikudhani kila mara huinamisha macho.

Basi niambieni, ndugu zangu: mtama uliliwa na nzige. Jina la mtoto yule, lililiwa na nani?